Si Maneno Matupu: Dhana Potofu Kuhusu Michezo ya Uigizaji kwa Maandishi

Mwambie mtu kwamba unacheza mchezo wa kompyuta usio na picha hata moja, ambao pango, upanga na hata mvua vyote huandikwa na kusomwa, na mara nyingi atakuuliza, "Kwani hiyo bado ipo?" Ipo. Na wanaotamani kutengeneza ya kwao hawajaisha, kwa kuwa mtu mmoja mwenye kompyuta ya kawaida na subira nyingi anaweza kujenga ulimwengu ambao kwa picha ungehitaji kampuni nzima. Shida ni kwamba wengi huanza kazi wakiwa na imani za kurithi. Nyingi ya imani hizo zina mzizi mmoja: kudhani kwamba muundo wa mchezo ni kazi ya fundi, na tabia za wachezaji ni bahati tu.

"Michezo ya maandishi iliuawa na picha"

Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, alianza kuandika MUD, mchezo wa maandishi wa watu wengi, mwaka 1978. Mwenzake Richard Bartle aliipokea kazi hiyo mwaka 1980 na kuiendeleza. Watu kadhaa waliingia kwa wakati mmoja, wakaandika amri za kwenda kaskazini au kuokota taa, wakakutana njiani. Jina la mchezo huo mmoja likageuka kuwa jina la aina nzima ya michezo.

Mwaka 1991 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Copenhagen wakatoa DikuMUD: ua viumbe, panda ngazi, gawaneni kazi ili mmoja apokee mapigo na mwingine atibu majeraha. EverQuest, mchezo wa picha uliotoka mwaka 1999, ulifanana na DikuMUD kiasi kwamba watengenezaji wake ilibidi watie sahihi tamko la kiapo kwamba hawakutumia msimbo wa programu ya DikuMUD. Kwa hiyo picha hazikuua kitu, zilirithi.

Wachezaji walipungua, hilo halina ubishi. Hata hivyo Achaea, mchezo wa maandishi uliofunguliwa mwaka 1997, ungali unapokea watu. Tena kuna kundi ambalo kwao maandishi ndiyo mlango mkuu: wachezaji wasioona, wanaotumia programu ya kusoma skrini kwa sauti. Ukiwajali hao, muundo wako unabadilika papo hapo. Ramani iliyochorwa kwa alama za kibodi ni kelele kwao. Mstari wa nyota arobaini uliouweka kwa ajili ya urembo unaweza kusomwa "nyota, nyota, nyota" mpaka mtu achoke na kuzima. Weka amri ya kuondoa mapambo yote, na usiache taarifa muhimu ibebwe na rangi peke yake. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja, lakini ni wachache mno wanaoifanya mapema.

"Ulimwengu ukiwa mkubwa, mchezo unanoga"

Kishawishi hiki naelewa kinakotoka. Kuongeza chumba kipya (ndivyo kila mahali ndani ya mchezo panavyoitwa, hata mlima) ni kuandika sentensi nne, basi mbunifu anaandika milima, anaandika bandari, anaandika falme saba. Siku ya ufunguzi wanaingia watu kumi na wawili katika vyumba elfu tano, na kila mmoja anazunguka peke yake akidhani mchezo hauna watu.

Watu wanahitaji kugongana. Anza na mahali pachache, kisha uweke pamoja yale ambayo kila mtu anayahitaji: anapotibiwa, anapouza alichookota, anapopumzika kabla ya kutoka tena. Kusubiri kidogo pia kuna faida yake. Jeraha linalopona baada ya dakika tatu huwapa watu wawili wasiojuana dakika tatu za kuzungumza. Ukiliponya papo hapo kwa sababu "wachezaji hawapendi kusubiri", umefuta mazungumzo hayo bila kujua.

Hata tukio lililopangwa kwa makini halitaenda ulivyopanga. Chip Morningstar na F. Randall Farmer, waliotengeneza mchezo wa Habitat (huo ulikuwa na picha) katika miaka ya 1980, walisimulia jinsi walivyotumia wiki kadhaa kujenga kisiwa chenye fumbo la hazina, wakitarajia liwashughulishe wachezaji kwa siku kadhaa. Lilifumbuliwa katika muda wa takriban saa 8 na mtu aliyekuwa ameng'amua dokezo kuu ndani ya dakika 15 za kwanza. Wenzake wengi walikuwa hata hawajaanza.

"Kuna aina nne za wachezaji, jibu maswali haya ujue wewe ni yupi"

Hapa Bartle anasingiziwa. Makala yake ya mwaka 1996 ilitokana na mjadala mrefu wa wachezaji wakongwe wa mchezo wake, kati ya Novemba 1989 na Mei 1990, kuhusu kinachowavutia watu kucheza. Akapata makundi manne: wanaosaka mafanikio, wagunduzi, wapiga soga, na wauaji, yaani wanaofurahia kuwasumbua wengine. Dodoso la kujipima lilitungwa baadaye na watu wengine.

Sehemu inayosahaulika ndiyo yenye manufaa. Bartle alieleza jinsi kundi moja linavyosukuma jingine. Wauaji wakiongezeka, wasaka mafanikio hupungua, na wapiga soga hutoroka kwa wingi zaidi. Na wapiga soga wana tabia ya kuvutana, kwa hiyo wakianza kuondoka, kuondoka kwenyewe huzaa kuondoka. Mbunifu anayeruhusu mapigano kila mahali hajaongeza tu kipengele kimoja, ameamua nani atabaki. Kabla ya kuweka amri mpya, jiulize itamleta nani na itamfukuza nani. Swali hilo lina faida kuliko kuwabandika wachezaji majina.

"Sisi ni watu wazima, kanuni za nini?"

Mwaka 1990 Pavel Curtis, aliyekuwa mtafiti wa Xerox PARC, kituo cha utafiti huko California, alianzisha LambdaMOO, ulimwengu wa maandishi ambao wachezaji wenyewe waliweza kuujenga na kuuandikia programu. Wasimamizi waliitwa wachawi. Mwishoni mwa mwaka 1992 wachawi hao walitangaza kwamba wamejitoa katika ugomvi wa watu: wao wangekuwa mafundi tu, na jamii ijitawale.

Mwaka 1993, mchezaji aliyejiita Mr. Bungle aliingia sebuleni, mahali pa watu wengi kuliko pote, akatumia programu ndogo iliyoitwa kidoli cha uchawi. Kidoli hicho kilimwezesha kuandika matendo yakaonekana kana kwamba yanafanywa na wahusika wa watu wengine. Aliyoyaandika yalikuwa udhalilishaji wa kingono. Waliotendewa walikuwa mbele ya kompyuta zao wakisoma, na walioumia waliumia kweli. Wachezaji walikutana, wakajadili kwa saa nyingi, wakatawanyika bila uamuzi. Baadaye mchawi mmoja, kwa hiari yake, aliifuta akaunti ile. Curtis akaanzisha utaratibu wa maombi na kura. Mwaka 1996 wachawi walikiri hadharani kwamba ufundi mtupu hauwezekani, wakarudi kuamua mambo ya kijamii.

Kisa hiki husimuliwa sana kama kisa cha mtu mbaya. Mimi naona kidoli. Kuna mstari wa msimbo ulioruhusu mtu kuweka maneno katika mwili wa mwenzake bila ruhusa, na mstari huo uliandikwa kabla ya Bungle kufika. Mbunifu angeweza kuamua kwamba kila sentensi ionyeshe aliyeiandika, au kwamba tendo linalomgusa mhusika mwingine lisubiri akubali kwanza. Huo ni uamuzi wa kiufundi, na papo hapo ni sheria ya jamii. Ndiyo sababu tangazo la "sisi ni mafundi tu" halikuweza kudumu: fundi alikuwa anatunga sheria kila alipobonyeza kitufe.

Kanuni zenyewe ziwe chache na ziseme jambo linaloonekana. "Kuwa na heshima" haimzuii mtu, kwani kila mkorofi hujiona mwenye heshima. "Usiandike tendo la mhusika wa mtu mwingine" inaeleweka hata saa nane za usiku. Ongeza mahali pa kukata rufaa, kwa msimamizi tofauti na yule aliyeamua mwanzo.

"Ni mhusika wangu aliyesema, si mimi"

Nusu ya hii ni kweli, na ndiyo maana inasumbua. Bila kutenganisha yaliyo ndani ya uhusika na yaliyo nje, hakuna anayeweza kucheza jambazi, na mchezo unageuka kikao cha watu wema. Mchezaji mzuri wa adui ni hazina. Mara nyingi ndiye anayekuandikia pembeni, "Vipi, tuendelee hivi au nipunguze makali?"

Nusu nyingine ni kisingizio. Anayesoma ni mtu. Mhusika hana vidole. Aliyechagua maneno ni aliyeketi mbele ya kibodi. Kwenye michezo ya mezani kuna kadi yenye alama ya X, aliyoibuni John Stavropoulos mwaka 2013: yeyote akiigusa, jambo linaloendelea linaachwa, na haulizwi kwa nini. Kwa maandishi ni rahisi zaidi, amri moja fupi inatosha. Lililo gumu ni sharti la kutoulizwa. Ukimtaka mtu aeleze kilichomsumbua mbele ya kundi zima, hatatumia amri hiyo. Atatoka kimya kimya na hutamwona tena.

Mpaka huo unavunjwa kutoka upande wa pili pia. Mtu anasoma kwenye gumzo la nje kwamba fulani ana mpango wa kumsaliti mfalme, kisha mhusika wake anaamka asubuhi na kumkamata msaliti kwa "hisia tu". Usiri unaohitajika ndani ya mchezo ulindwe na programu pale inapowezekana; kuuacha mikononi mwa uaminifu wa kila mtu ni kumjaribu kila mtu.

"Mchezaji hodari ndiye atakuwa msimamizi hodari"

Mchezaji hodari anajua kushinda. Usimamizi ni kusoma kumbukumbu za ugomvi wa kurasa thelathini, kumsikiliza kila mmoja peke yake, na kuamua jambo ambalo halitampendeza yeyote. Vipaji hivyo viwili havitembei pamoja sana. Msimamizi anayeendelea kucheza ana mzigo wa ziada: hata akishinda kwa haki, watu watanong'ona kwamba alijipendelea. Dawa ninayoiamini ni kila amri ya kisimamizi iandikwe kwenye kumbukumbu ambayo wasimamizi wenzake wanaiona, na asiamue kesi inayohusu kundi la mhusika wake. Na apewe likizo. Kazi hii ya kujitolea humaliza watu, na msimamizi aliyechoka ana hasira kuliko mkorofi anayemhukumu.

"Ukimfungia mkorofi, yamekwisha"

Bungle alirudi LambdaMOO kwa jina lingine. Kufunga akaunti ni lazima mara nyingine, lakini huondoa jina tu. Waliobaki wanahitaji kujua kwamba jambo limeshughulikiwa, hata kama hawataambiwa yote.

"Wageni hawadumu kwa sababu watu hawapendi kusoma siku hizi"

Hao hao hushinda wakisoma jumbe kwenye simu. Tazama dakika kumi za kwanza za mgeni. Ameandika "chukua taa", mchezo umejibu "Sielewi". Ameandika "okota taa", "Sielewi". Amesalimia kwenye chaneli ya wote, na watu wanane wanaoonekana wapo hawajajibu, kwa kuwa kila mmoja ameliacha dirisha wazi akaenda kufanya kazi zake. Mgeni hajui hilo. Anachoona ni kwamba amesalimia chumba kizima na kimenyamaza.

La kwanza lina tiba ambayo ningeiweka kabla ya joka la kwanza: hifadhi kila amri iliyoshindikana, bila jina la aliyeiandika, na uisome orodha hiyo kila wiki. Utakuta watu kumi wamejaribu neno lile lile ambalo wewe hukulifikiria. Liongeze. Huo ndio msamiati halisi wa wachezaji wako, na wameuandika wenyewe bure. La pili linahitaji alama ya kuonyesha nani amekaa kimya kwa muda gani, pamoja na wakongwe wawili watatu wanaopokea taarifa mgeni anapoingia. Wasimlaki kwa maelezo marefu. "Karibu, unaelekea wapi?" inatosha.

"Mchezo ukifungwa, jumuiya imekufa"

TinyMUD, ulioandikwa na Jim Aspnes katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mwaka 1989, haukuwa na ngazi wala alama za kushindania. Watu walijenga vyumba na kuzungumza. Ulifungwa mwaka 1990, haujamaliza hata mwaka mmoja. Lakini wachezaji wake walikuwa wameshapeana anwani za michezo mingine ya aina hiyo hiyo, wakahamia huko kwa makundi, na kwa miaka mingi baadaye hifadhi yake ya zamani iliwashwa kwa siku moja kila Agosti ili waliokuwapo wapite tena katika vyumba walivyojenga.

Ukifika wakati wa kufunga wa kwako, toa taarifa miezi kadhaa kabla. Wape watu amri ya kupakua maandishi ya vyumba na wahusika wao, na uache chaneli moja wazi hadi usiku wa mwisho.