Je, wajua kwa nini gari la zamani huzimika likipata joto, kisha huwaka tena likipoa?

Asubuhi gari huwaka kwa mguso wa kwanza wa ufunguo. Baada ya nusu saa au zaidi barabarani, hasa kwenye foleni ambako upepo haupiti vizuri chini ya boneti, injini hukatika ghafla kana kwamba mtu amezima swichi. Dereva huzungusha stata mpaka betri inachoka bila kufua dafu. Akikaa pembeni dakika 30 au 40, gari huwaka kwa utii wote, na likifika kwa fundi halionyeshi dalili yoyote ya ugonjwa. Mwenye gari huonekana mzushi, na fundi hubaki kukisia.

Maelezo yake yamo katika jambo moja: joto hutanua metali na kuilegeza plastiki, huongeza ukinzani wa shaba, yaani jinsi inavyouzuia umeme, na kubadili tabia ya transista, ile swichi ndogo ya kielektroniki. Kiungo cha umeme kilichochoka kinaweza kushikamana vizuri kikiwa baridi na kuachana kikipata moto. Kikipoa hurudi mahali pake, na ushahidi wote hutoweka.

Kiungo hicho mara nyingi kimo kwenye mfumo wa cheche inayowasha petroli. Magari mengi yenye injini ya petroli yalizalisha cheche hiyo kwa platini kwa miongo kadhaa, mfumo ulioenea kutokana na kazi ya Charles Kettering kwenye magari ya Cadillac mwanzoni mwa miaka ya 1910. Platini ni swichi ya chuma inayofunguka na kufunga ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawia plagi umeme kwa zamu, na kila inapofunguka, umeme wa koili, kifaa kinachokuza volti ndogo za betri, hukatika na cheche ikazaliwa. Mfumo wa cheche wa kielektroniki, ambao Chrysler iliuweka kwenye magari yake ya Marekani ya modeli za mwaka 1973, uliiondoa swichi hiyo na badala yake ukaweka sensa inayotambua mzunguko wa shafti, pamoja na moduli ambayo transista yake hukata umeme wa koili. Platini huchakaa polepole na gari hukuonya kwa kukohoa wiki nzima. Moduli haina adabu hiyo, kwa kuwa inafanya kazi au haifanyi.

Ajabu ni kwamba moduli ndiyo hushutumiwa kwanza, ilhali mara nyingi haina kosa. Mshukiwa ninayependa kuanza naye ni waya mwembamba wa sensa ndani ya distribyuta. Katika distribyuta nyingi sensa imefungwa kwenye bamba linalosogezwa na kifaa cha vakyumu kila dereva anapokanyaga au kuachia mafuta, kwa hiyo waya huo hupinda na kunyooka maelfu ya mara. Nyuzi za shaba hukatika moja baada ya nyingine ndani ya ganda la plastiki, huku ganda lenyewe likibaki zima na zuri kwa macho. Likipata joto, ganda hulegea na kurefuka kidogo, ncha mbili zilizokuwa zinagusana zikaachana. Ukiuvuta waya huo taratibu na ukahisi sehemu moja inanyumbuka kama mpira, umepata kidonda. Kipimo cha omu kilichounganishwa kwenye sensa ya sumaku huthibitisha: usomaji ukirukaruka unapolitikisa bamba kwa mkono, hakuna haja ya kutafuta mbali zaidi.

Koili nayo ina hila zake. Ukinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo koili yenye omu 3 katika nyuzi 20 hufika karibu omu 3.9 inapofikia nyuzi 100. Kwenye volti 12, mkondo hushuka kutoka ampea 4 hadi takriban 3, na kwa kuwa nishati ya koili hufuata mraba wa mkondo, karibu asilimia 40 ya nguvu ya cheche hupotea bila kitu chochote kuharibika. Koili nzima huvumilia upungufu huo. Koili ambayo kihami cha ndani, yaani kinga ya kuzuia umeme usivuje, kimepasuka haivumilii, kwa sababu makumi ya maelfu ya volti yanayotafuta njia ya kwenda kwenye plagi hupata njia ya mkato ndani ya koili yenyewe. Hapo kipimo cha omu kinaweza kukudanganya, kwani hutumia volti chache tu, na ufa unaovuja kwenye volti 20,000 haujitokezi mbele yake.

Moduli, kile kiboksi cha kielektroniki, hufa kwa joto lake yenyewe pamoja na la injini. Aina nyingine hutegemea grisi maalumu ya kupitisha joto kati ya tumbo lake na kipande cha chuma inapokaa. Grisi ikikauka au fundi akiisahau, transista hujichemsha taratibu. Aina nyingine hupata ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi, kwa skrubu za kufungia, na kutu kidogo chini ya skrubu hiyo hutosha kuleta kisirani. Ethi hupimwa mfumo ukiwa unafanya kazi: weka mchomo mmoja wa kipimo kwenye ganda la moduli na mwingine kwenye nguzo hasi ya betri. Usomaji ukizidi volti 0.2, safisha viungo kwanza kabla ya kununua chochote.

Ugumu wa kazi hii ni kwamba upimaji lazima ufanyike wakati gari limegoma, si baada ya chai. Dalili ya kwanza hutokea kabla hata ya kusimama, kwa magari yenye saa ya mizunguko ya injini. Mshale ukianguka hadi sifuri ghafla, huku magurudumu bado yanaizungusha injini, umeme wa upande wa kwanza wa koili, ule wa volti ndogo, umekatika, kwa hiyo chunguza sensa, moduli, swichi ya ufunguo na nyaya zake. Mshale ukishuka polepole pamoja na injini, upande huo ungali hai, na lawama huhamia kwenye koili, rota (mkono unaozunguka ndani ya distribyuta), kifuniko cha distribyuta, au hata petroli iliyochemka kwenye bomba kabla ya kufika kwenye kabureta, tatizo linaloiga hitilafu ya umeme kwa ustadi wa kuudhi.

Gari likishasimama, unganisha taa ndogo ya balbu kati ya nguzo hasi ya koili na bodi, kisha mtu mwingine azungushe stata. Taa ikimetameta, sensa na moduli zinatimiza wajibu wao. Ikiwaka bila kumeta, moduli haifungi na kufungua njia ya umeme wa koili, ama kwa ubovu wake au kwa kukosa ishara ya sensa. Isipowaka kabisa, koili huenda haipati umeme. Cheche yenyewe ijaribiwe kwa plagi ya akiba ambayo mwili wake umebanwa imara kwenye chuma cha injini. Kuuacha waya wa plagi ukining'inia hewani ni kosa, kwani umeme usiopata njia ya nje huitafuta ndani ya koili au moduli.

Kuna hitilafu moja ambayo haihusiani na joto lakini huchanganywa nayo: injini huwaka wakati stata inazunguka na kuzimika pale tu ufunguo unapoachiwa. Hapo tazama resista inayopunguza volti za koili, maana kwenye mifumo mingi stata huiruka na kuipa koili umeme wa moja kwa moja.

Ukibaki na washukiwa wawili, wapashe moto mmoja mmoja. Kikaushia nywele kikielekezwa kwenye moduli kwa dakika chache, injini ikiwa inanguruma bila mwendo, huleta kwa makusudi kile ambacho barabara huleta kwa bahati mbaya. Injini ikizimika, funga barafu ndani ya mfuko wa plastiki usiovuja, uuweke juu ya moduli pekee, kisha ujaribu tena baada ya dakika moja au mbili. Ikiwaka wakati koili na distribyuta bado zina moto, moduli imekiri. Isipowaka, uhamishie mfuko huohuo kwenye koili.