Je, wajua? Amplifaya iliyokufa hubaki na umeme kwa muda mrefu kuliko inayofanya kazi

Subufa imeacha kulia. Haina taa, haina sauti, na imechomolewa tangu jana. Fundi anafungua skrubu za nyuma, anageuza bodi, kidole gumba kinagusa nundu mbili za solda chini ya kapasita, na mkono unarushwa hadi kwenye ukingo wa bati. Umeme huo umetoka wapi, wakati soketi iko upande wa pili wa chumba?

Kwamba umetoka kwenye kapasita, kile kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, mafundi wengi wa Uganda wanajua, wa Katwe na wa Mbale vilevile. Swali linalofuata ndilo halijibiwi sana: kwa nini amplifaya mbovu hubaki na chaji kwa saa nyingi, na ile nzima humwaga yake ndani ya sekunde chache? Anayeelewa hapo hubadilisha namna yake ya kufungua mashine.

Imani iliyoenea zaidi inasema hivi: chomoa plagi, bonyeza swichi ya kuwashia mara mbili tatu, na kitaa cha mbele kikififia basi umeme wote umekwisha. Imani hii ina ukweli ndani yake, ndiyo maana haifi. Kwenye amplifaya nzima hiyo ndiyo hali halisi: ukichomoa huku muziki ukilia, sauti huendelea kidogo kisha hukatika, kwa sababu saketi imeendelea kunywa akiba iliyokuwamo ndani. Lakini nani anafungua amplifaya nzima? Inayoletwa kwa fundi haiwaki, na njia ambazo zingekunywa akiba hiyo ndizo zilizokatika. Kubonyeza swichi hapo hakumwagi chochote.

Imani ya pili ni kuiacha mashine ilale usiku mmoja. Inasaidia mara nyingi, lakini si kila mara. Kapasita nzuri ya elektroliti isiyo na mahali pa kumwagia chaji inaweza kuishikilia kwa saa nyingi, na nyingine hata siku. Imani ya tatu huwapata hasa wenye ujuzi kidogo: wanaziogopa zile kapasita mbili nene kama mikebe, na kuipuuza ile ndogo iliyo karibu na mahali waya wa umeme unapoingia. Tutaona kwamba ndogo ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Chukua nyumba yenye tangi la maji juu ya paa. National Water, shirika la maji, wakifunga maji barabarani, bomba la jikoni linaendelea kutoa, kwa sababu tangi lina akiba yake. Kimo cha tangi ndiyo volti: kadiri lilivyo juu, ndivyo maji yanavyotoka kwa nguvu. Upana wake ndio uwezo wa kapasita, ule unaoandikwa ubavuni kwa maikrofaradi (µF). Tangi pana lililowekwa chini kidogo na tangi jembamba lililo juu ya mnara yanaweza kubeba nguvu ileile, lakini la mnarani ndilo linalokurushia maji usoni. Sasa tazama mabomba ya ndani. Yakiwa wazi, tangi hukauka upesi mara tu maji ya barabarani yanapokatwa. Yakiwa yameziba yote, tangi litakaa limejaa, na kukata paipu ya barabarani hakutapunguza hata tone. Kuchomoa plagi ni kukata paipu ya barabarani. Amplifaya nzima ina mabomba wazi. Iliyokufa, mara nyingi, yameziba.

Twende kwenye bodi yenyewe. Subufa nyingi za siku hizi, zile nyepesi zisizo na transfoma nzito, zina saplai ya swichingi. Umeme wa Uganda wa volti 240 unapita kwenye fyuzi, unageuzwa na daiodi nne kuwa wa mkondo mmoja (DC), kisha unaijaza kapasita moja ya µF 100 hadi 220. Kapasita hiyo hujaa hadi kilele cha wimbi la umeme, ambacho ni 240 mara 1.414, yaani takriban volti 340. Kutoka hapo aisii (chipu ya kuongoza) na transista ya swichingi huukatakata umeme na kuutuma ng'ambo ya transfoma ndogo. Aisii ikifa, au rezista ya kuiamshia (kipande kinachozuia mkondo) ikikatika, kila kitu baada ya kapasita kinasimama. Daiodi bado zinajaza, hakuna kinachokunywa.

Kuna sababu moja ya kukatika huko inayoonekana kwa macho. Viwandani hubandika kapasita kubwa kwa gundi ya rangi ya maziwa au njano isitikisike. Gundi za aina fulani, zikipikwa na joto kwa miaka, hugeuka kahawia iliyokolea, huanza kupitisha umeme na kula chuma. Ikigusa mguu wa rezista, mguu huota kutu ya kijani na mwisho hukatika. Ukikuta gundi kahawia imetambaa hadi kwenye rezista zilizo jirani na kapasita kubwa, pima rezista hizo, na uchukulie kwamba kapasita imejaa. Mojawapo inaweza kuwa ndiyo rezista iliyowekwa makusudi kuimwaga chaji taratibu.

Rezista hiyo ya kumwagia, pale ilipo, haina haraka. Ikiwa ya kilo-om 470 juu ya kapasita ya µF 220, volti hushuka hadi asilimia 37 baada ya sekunde 103. Kutoka 340 hadi chini ya 60, kiwango ambacho kwa umeme wa mkondo mmoja na ngozi kavu huhesabiwa kuwa na hatari ndogo, huchukua karibu dakika 3. Baadhi ya bodi za bei nafuu hazina rezista hiyo kabisa.

Fyuzi inaweza kukupa fununu. Fyuzi iliyolipuka na kuwa nyeusi ndani mara nyingi maana yake transista au daiodi imepiga shoti, na shoti ya transista huimwaga kapasita palepale. Fyuzi nzima kwenye mashine isiyowaka ndiyo ya kutia shaka: umeme uliingia, ukajaza, ukakosa pa kwenda. Hii ni dalili tu, haichukui nafasi ya kipimo.

Amplifaya za transfoma nzito, zile za kanisani na za sherehe, zina hadithi tofauti kidogo. Kapasita zake hujaa volti 50 kwenye za wastani, na 70 hadi 90 kila upande kwenye kubwa. Kwa kuwa kuna upande wa chanya na wa hasi, mkono unaogusa pande zote mbili unapata 140 hadi 180. Nyingi zina fyuzi kati ya kapasita na transista za kutoa sauti. Fyuzi hizo zikikatika, na ndizo zinazokatika transista zikifa, kapasita zimetengwa na mzigo. Tena yaleyale: kilichoiua amplifaya ndicho kilichofungia chaji ndani.

Sasa ile ndogo dhidi ya zile nene. Nguvu iliyohifadhiwa ni nusu ya uwezo mara volti mara volti tena. Kapasita nene ya µF 10,000 kwa volti 50 inabeba juli 12.5. Ndogo ya µF 220 kwa volti 340 inabeba juli 12.7. Zinalingana karibu kabisa! Lakini volti 50 kwa shida hupenya ngozi kavu, ilhali 340 hupenya bila kuuliza, na jasho huurahisishia njia zaidi. Kama mshtuko huo utaua au utakurusha tu hutegemea unapita wapi mwilini na kwa muda gani. Njia mbaya zaidi ni kutoka mkono mmoja hadi mwingine, kupitia kifua. Hata usipodhuru moyo, mkono unaorushwa hukutana na kingo kali za bati, au pasi ya kulehemu huangukia paja.

Wengi humaliza chaji kwa kugusisha bisibisi kwenye miguu miwili ya kapasita. Mlio wa "pa!" unaridhisha, na madhara yake ni mengi. Juli 12 zikitoka ndani ya muda mfupi mno huwa mkondo wa mamia ya ampea: ncha ya bisibisi inachimbika, solda iliyoyeyuka inaruka kuelekea macho, njia nyembamba za shaba kwenye bodi zinang'oka, na kiungo cha ndani cha kapasita kinadhoofika. Kisha unabadilisha kapasita uliyoiharibu mwenyewe, ukidhani ndiyo iliyokuwa na ugonjwa.

Tengeneza kimwagio badala yake. Nunua rezista mbili nyeupe za simenti, za wati 10: moja ya om 100, nyingine ya kilo-om 2.2. Lehemu waya wenye ganda nene kwenye kila mguu, funika viungo kwa mpira wa kubana kwa joto, na umalizie kwa vishikio vya mamba vyenye ganda. Ile ya kilo-om 2.2 ni ya kapasita ya volti 340. Sekunde 5 zinaimaliza ya µF 220. Ya om 100 ni ya zile nene: µF 10,000 huisha kwa sekunde 5 pia. Ukitumia ya kilo-om 2.2 kwenye nene utahitaji karibu dakika 2, na wengi huchoka kabla. Shika kimwagio kwa mkono mmoja, mwingine uwe mbali na bati. Wanaotumia balbu ya waya ya wati 60 hawajakosea, ila balbu huacha kuwaka kabla kapasita haijaisha, kwa hiyo giza lake si ushahidi.

Ushahidi ni mita. Iweke kwenye volti za mkondo mmoja, masafa ya 600 au 1000, uijaribu kwanza kwenye betri ujue kwamba inasoma, kisha pima. Na hapa pana mtego ambao huwanasa hata waangalifu: usiweke waya mweusi kwenye bati la mashine. Upande wa volti 340 wa saplai ya swichingi haujaunganishwa na bati, kwa hiyo mita inaweza kukuonyesha karibu sifuri huku kapasita imejaa tele. Weka ncha zote mbili kwenye miguu miwili ya kapasita yenyewe. Kwenye amplifaya ya transfoma pima kila kapasita kivyake, kisha kati ya chanya na hasi.

Rudia kipimo baada ya dakika chache. Kapasita ya elektroliti iliyokaa na chaji muda mrefu hurudisha volti kidogo yenyewe hata baada ya kumwagwa, kwa sababu sehemu ya chaji ilikuwa imezama ndani ya kihami chake na inatoka taratibu. Mara nyingi ni volti chache tu, lakini yaweza kufika hata asilimia 10 ya zile za mwanzo. Kwa kapasita ya volti 340 hizo ni 34, zinazotosha kuharibu aisii unayoilehemu. Acha kimwagio kimeshikwa pale wakati unafanya kazi, ila ukumbuke kukitoa kabla ya kuwasha.

Jambo la Yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla, nalo lisisahaulike. Umeme ukiwa umekatika, au yuniti zikiwa zimeisha, ni rahisi kufungua mashine na plagi bado iko ukutani. Mtu mwingine sebuleni anaingiza tokeni na bodi iliyo mikononi mwako inapata 240. Chomoa, na uiweke plagi mezani mbele yako uione.

Ukimaliza kutengeneza, usiwashe moja kwa moja. Hakikisha kapasita mpya haikugeuzwa, kwani mstari wa ubavuni huonyesha mguu wa hasi, na kwamba volti zake hazipungui za ile ya zamani. Ikigeuzwa hupasuka kwenye ule mkato wa juu, basi vaa miwani na usiinamie bodi. Kisha unganisha balbu ya waya ya wati 60 mfululizo kwenye waya wa laini, au ya 100 kwa amplifaya kubwa, LED haifai. Ikimulika mara moja na kufifia, kapasita zimejaa na hakuna shoti. Ikibaki inang'aa, shoti ingalipo. Usiguse mabati ya kupozea transista wakati huo, maana mengine yana volti kamili za saplai, na balbu haikukingi. Na kwa matokeo yoyote kati ya hayo, ukichomoa anza upya na kimwagio na mita kabla ya kugeuza bodi: hata kwa kupitia balbu, sekunde moja au mbili zinatosha kuirudisha kapasita ndogo kwenye volti zake 340.