Switch OLED haina kasi zaidi

Wengi hudhani Nintendo Switch OLED, toleo la mashine ya michezo ya video lililotoka Oktoba 2021, huendesha michezo kwa kasi kuliko Switch ya kawaida. Sivyo. Prosesa zao zina nguvu sawa. Mchezo unaokwamakwama kwenye moja utakwama kwenye nyingine. Kilichobadilika hasa ni kioo, ambacho ni cha aina iitwayo OLED: inchi 7 badala ya 6.2, na nyeusi yake ni nyeusi kweli. Hifadhi nayo imepanda kutoka GB 32 hadi 64. Lakini ukiiunganisha na runinga, kioo hicho hukioni kabisa, kwa hiyo anayechezea kwenye runinga tu analipia asichokitumia. Switch Lite, toleo dogo la inchi 5.5, haiunganishwi na runinga hata kidogo (hili huwashtua wanunuzi). Anayetafuta kasi aitazame Switch 2 ya mwaka 2025.