Mafuta ya Meli Yakimwagika Baharini: Maswali ya Wavuvi na Wakazi wa Pwani

Tarehe 25 Julai 2020, meli ya MV Wakashio ilipanda mwamba huko Pointe d'Esny, Morisi. Siku 12 baadaye tangi likapasuka, na takriban tani 1,000 za mafuta mazito zikaingia baharini. Watu walijaza majani makavu ya miwa kwenye vitambaa wakashona vizuizi vya kuelea. Maswali yanayozuka kwenye janga kama lile ni haya.

Harufu peke yake inadhuru?
Ndiyo, hasa siku za mwanzo, benzeni na kemikali nyingine nyepesi zinapopaa. Kichwa huuma, macho huwasha, moyo huchafuka. Kaa upande upepo unakotokea. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Wajawazito, watoto na wenye pumu waondoke ufukweni.

Yamenigandia mwilini. Nitoe kwa mafuta ya taa?
Usithubutu, yanaunguza ngozi. Pangusa kwa kitambaa kikavu, paka mafuta ya kupikia, subiri dakika chache, pangusa tena, kisha oga kwa sabuni. Yakiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Mtoto akiyameza, usimtapishe: yakipanda huweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali.

Samaki analika?
Subiri majibu ya maabara. Ini la samaki huvunja sumu nyingi, kwa hiyo nyama yake husafika mapema. Kome na chaza ndio wa kuogopwa: wanachuja maji mchana kutwa, na sumu hukaa ndani yao wiki hata miezi. Kuchemsha hakuiondoi, wala harufu kuisha si ushahidi kwamba imekwisha.

Maji yameng'aa, mbona uvuvi bado umefungwa?
Angalia chini ya mikoko. Mafuta hufunika mizizi ya kupumulia, mti ukakosa hewa. Mengine hujificha kwenye tope na kuchuruzika kila maji yanapojaa. Wasafishaji wakilikanyaga tope ovyo, huyazika zaidi. Humo ndimo kamba na samaki wadogo wanamokulia, basi mvuvi hupata hasara ya leo na ya msimu ujao. Morisi hata watalii hawakuwepo wa kuwabeba kwenye mashua, mipaka ilikwishafungwa kwa sababu ya korona.

Fidia nitaidaije?
Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 kuhusu mafuta ya injini za meli unawataka wamiliki wa meli kubwa wawe na bima. Bima hulipa kwa ushahidi: andika kila siku tarehe, kilo na bei, tunza stakabadhi za mnadani. Wavu uliochafuka upige picha kabla hujautupa.