Joto linalokuangusha unalitengeneza mwenyewe

Kila majira ya joto yakianza, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Kocha, nadhani saa yangu ina hitilafu." Wa juzi ulitoka kwa kijana ninayemwandaa kwa mbio za kilometa 21. Alinitumia picha: mapigo ya moyo 174, kasi ya dakika 6 na sekunde 20 kwa kilometa. Mwezi mmoja kabla, njia ileile, kasi ileile, moyo wake ulikuwa ukipiga 152.

Saa ni nzima. Hewa ikiwa baridi, misuli hupata damu karibu yote inayoitaka. Joto likija, ngozi nayo inadai fungu lake, maana damu ndiyo inayobeba joto kutoka ndani na kulileta nje. Wakati huohuo jasho linapunguza majimaji ya damu yenyewe. Damu inayorudi moyoni inakuwa kidogo, kila pigo linasukuma kidogo, na moyo hauna ujanja ila kupiga mara nyingi zaidi.

Swali la pili huwa ni la maji: ninywe kiasi gani? Nitalifikia. Kwanza nataka tukubaliane joto linatoka wapi, kwa sababu wengi hunyoosha kidole juani. Jua lina mchango wake, sikatai, lakini tanuri iko ndani. Chukua mtu wa kilo 60. Kila kilometa anachoma takriban kilokalori 60, kwa hiyo kilometa 10 zinamgharimu 600. Misuli inageuza kama robo tu ya nishati hiyo kuwa mwendo. Zinazobaki, 450 hivi, zinakuwa joto. Na mwili wa uzito huo unahitaji kama kilokalori 50 tu kupanda nyuzi 1 ya Selsiasi. Gawanya mwenyewe. Joto hilo lingekosa pa kutokea, mwili ungepanda nyuzi 9, kutoka 37 hadi 46, na hakuna anayefika huko akiwa hai.

Kinachotuokoa ni jasho. Lita 1 ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na kilokalori 580 hivi. Uzito wote uko kwenye hilo neno "ikikauka". Siku yenye unyevunyevu mwingi hewani, tazama kiwiko chako: tone linajikusanya, linaning'inia, linadondoka chini. Tone hilo halijakupoza hata kidogo. Umepoteza maji na chumvi bure. Ndiyo maana nyuzi 27 zenye unyevunyevu zinaweza kukutesa kuliko nyuzi 33 kavu, na ndiyo maana kipimo kinachotumiwa na waandaaji wengi wa mashindano hukipa kipimajoto chenye kitambaa kilicholowa, kinachoonyesha maji yanakauka vipi hewani, asilimia 70 ya uzito, cha jua 20, na kile cha kawaida, ambacho ndicho tunachokitazama sote, 10 tu.

Sasa rudi kwenye zile 450. Ukikimbia kilometa 10 kwa dakika 50, unazalisha kilokalori 9 za joto kila dakika. Ukizikimbia kwa dakika 65, zinakuwa karibu 7. Jumla haikubadilika, umeupa mwili muda wa kulitoa joto. Kofia, nguo nyepesi zisizobana, maji ya kujimwagia kichwani, yote ni mazuri na ninayatumia, lakini hakuna hata moja linalofikia kupunguza kasi. Mwaka 2019, kwenye mashindano ya dunia mjini Doha, marathoni ya wanawake ilianza saa 6 usiku ili kulikimbia jua. Bado joto lilikuwa la nyuzi 30 na kitu, na unyevunyevu zaidi ya asilimia 70. Walianza 68, wakaacha njiani 28. Ruth Chepngetich alishinda kwa saa 2:32:43. Januari ya mwaka huohuo alikuwa amekimbia 2:17:08 mjini Dubai. Bingwa wa dunia alikubali kuchelewa dakika 15; wewe unagombana na saa yako kwa sekunde 20.

Nami nimewahi kugombana nayo, tena nikiwa tayari nafundisha wengine. Kwenye kilometa ya nane ya mazoezi ya mchana, vinyweleo vya mikono vilinisimama kama mtu aliyeingia kwenye baridi. Nilijua ni dalili ya kuzidiwa na joto, nikaendelea. Dakika chache baadaye nilikuwa nimekaa ukingoni mwa barabara nikijaribu kufungua kamba za kiatu, na vidole havikumbuki fundo linafunguliwaje.

Habari njema ni kwamba mwili unajifunza. Kimbia taratibu kwenye joto siku nyingi mfululizo, na ndani ya siku 10 hadi 14 mabadiliko makubwa yatakuwa yamekamilika. Majimaji ya damu huongezeka mapema, katika siku chache za mwanzo. Jasho huanza kutoka haraka, linakuwa jingi, tena lenye chumvi pungufu; utaona hata ile michoro myeupe kwenye fulana inafifia. Ukirudi kwenye ubaridi, faida hiyo huyeyuka ndani ya wiki chache.

Maji, basi. Jipime kwenye mizani bila nguo kabla na baada ya saa moja ya kukimbia. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya jasho, ukiongeza ulichokunywa njiani. Kwa walio wengi kiu ni mwongozo wa kutosha. Ukiteremka mizani ukiwa umeongezeka uzito, umekunywa kupita kiasi, na hilo nalo linaua: sodiamu, yaani chumvi iliyo kwenye damu, inapungua na ubongo unavimba. Katika utafiti uliofanywa kwenye marathoni ya Boston ya 2002, asilimia 13 ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu walikuwa na sodiamu ya chini.

Na mwenzako akizidiwa? Usisubiri ngozi yake ikauke. Mkimbiaji aliyezidiwa na joto mara nyingi bado analowa jasho chapachapa. Angalia akili. Anayumba, anajibu ovyo, anakuwa mkali bila sababu, hajui yuko kilometa ya ngapi. Joto la ndani linaweza kuwa limepita nyuzi 40, na kila dakika ina thamani. Piga simu ya dharura, lakini kazi ya kumpoza ianze hapohapo kabla gari halijafika: mwingize kwenye beseni kubwa la maji baridi yenye barafu, kichwa kikiwa nje na mtu amekishika. Kama beseni hakuna, mvue nguo za juu, mwagie maji mfululizo mwili mzima, mpepee. Usimlazimishe kunywa akiwa amechanganyikiwa.

Yule kijana wa saa "mbovu" nilimwambia aifiche kasi kwenye kioo, abaki na mapigo ya moyo tu, na yasipite 155. Siku ya kwanza alitembea mara nne. Alinipigia akiwa amenuna.