"Skipper" si Mrukaji, na Nahodha si Tafsiri Yake

Forodhani Lamu, maji yakijaa, vijana wa mashua huitana "skipper" kutwa nzima. Mmoja alinieleza kwa uhakika kabisa: "Mjomba, hilo latoka kwa skip, kuruka. Si waona chombo kinavyoruka mawimbi?"

Sivyo. Waingereza walilichukua kwa Waholanzi katika karne ya 14. Kwa Kiholanzi schip ni meli, na schipper ni mtu wa meli. Kuruka kumo katika neno jingine lenye sura hiyohiyo: vipepeo wadogo wa familia ya Hesperiidae huitwa skipper kwa jinsi wanavyorukaruka upesi toka ua hadi ua. Ni kama kaa wa mikokoni na kaa la moto. Umbo moja, asili mbali.

Wengine hudhani ni cheo cha meli kubwa. Skipper hasa ni wa chombo kidogo, cha uvuvi au cha matanga. Mkuu wa meli ya mizigo huitwa master. Uwanjani ni nahodha wa timu. Na polisi wa London humwita hivyo sajini wao, asiye na chombo wala tanga.

Dhana inayoniuma ni kwamba "nahodha" ni tafsiri tu ya neno hilo. Letu limetoka Kiajemi, nav ni chombo na khuda ni bwana: bwana wa chombo. Katika biashara ya kale ya Bahari ya Hindi, nahodha aliweza kuwa mwenye chombo mwenyewe, au mfanyabiashara aliyemwakilisha. Aliyesoma nyota na kujua njia alikuwa malimu. Vasco da Gama alipopewa mwongozaji kule Malindi mwaka 1498, Wareno walimwandika Malemo Cana, na watu wakalidhani jina lake. Malemo ni malimu huyuhuyu! Waliandika kazi ya mtu. Jina alilopewa na wazazi wake halimo.

Siku ile aliyetuvusha alikuwa mzee aliyeketi tezi, nyuma ya chombo, kana (mkono wa usukani) kwapani, macho kwenye tanga. Alimwambia yule kijana neno moja tu, "Demani," naye akailegeza kamba hiyo ya tanga. Sote twamwita nahodha. Mwenye mashua alikuwa mjini, dukani kwake, na kwa maana ya kale nahodha angekuwa yeye.