Kiwanda kimehama, sumaku haijahama

Mwezi huu ni mteja wa tatu kuniambia: "Vita vya ushuru vya Marekani na China havituhusu, sisi tulishahamia Vietnam." Nikamwomba orodha ya vipuri vya mota zake. Mota inaunganishwa Vietnam, kweli. Sumaku? China. Waya wa shaba? China. Kilichohama ni meza ya kuunganishia.

Hakuna dhana inayonichosha kama hii ya kudhani kwamba ukibadilisha bandari ya kupakilia umebadilisha mnyororo wa ugavi. Tangu Marekani ianze kutoza baadhi ya bidhaa za China ushuru wa asilimia 25 Julai 2018, viwanda vingi vimehamisha hatua ya mwisho tu. Mwaka 2023 Mexico iliipiku China kwa kuiuzia Marekani bidhaa, watu wakashangilia, ilhali China nayo ilikuwa ikiongeza vipuri inavyoipelekea Mexico.

Kisha ikaja Aprili 2025. China ikaweka sharti la kibali kwa madini adimu saba, yakiwemo disprosi na terbi, ambayo huchanganywa kwenye sumaku ili zisipoteze nguvu mota ikipata joto. Sumaku zenye madini hayo zikabanwa pia. Kibali hicho hakiulizi kiwanda chako umekihamishia wapi: shehena ikitoka China kinatakiwa, iwe inakwenda Hanoi au Detroit.

Forodha wa Marekani nao hawaridhiki na kibandiko cha "Imetengenezwa Vietnam". Wanataka kujua bidhaa ilibadilika kiasi gani huko ilikopitia. Agosti 2023 Wizara ya Biashara ya Marekani ilihitimisha kwamba baadhi ya kampuni zilikuwa zikipitisha paneli za sola za China katika Kambodia, Malaysia, Thailand na Vietnam, zinaguswaguswa kidogo, ushuru unakwepwa. Kwa hiyo nitalisema hadi mnichoke: mwulizeni muuzaji wenu naye ananunua kwa nani, na jibu mlipate kwa maandishi. Yule wa mota bado hajanijibu kama sumaku zake zina terbi.

Dhana nyingine potofu nazipitia haraka.

Eti ushuru unalipwa na nchi inayouza. Hulipwa forodhani na mwagizaji. Muuzaji anaweza kushusha bei asimpoteze mteja, lakini hayo ni mapatano yao. Wachumi walioufuatilia ushuru wa 2018 walikuta karibu wote umewaangukia Wamarekani wenyewe.

Eti wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Si kila mara. China ilipotoza soya ya Marekani asilimia 25 mwaka huohuo, wakulima wa Brazil waliuza kuliko walivyozoea. Nyasi gani hizo?

Eti wakipatana, mambo yatarudi kama zamani. Walitia saini makubaliano Januari 2020 na sehemu kubwa ya ushuru ikabaki palepale. Serikali ikabadilika Washington, ushuru ukabaki, na mwaka 2024 ule wa magari ya umeme kutoka China ukapandishwa hadi asilimia 100.